Nyota tano, maksi kumi au kidole gumba? Jinsi ya kuchagua kipimo cha nyimbo zako

Wadau, leo ni zamu ya wale wenye flashi, simu au kompyuta iliyojaa nyimbo mpaka hawajui tena nini kiko wapi. Ukishapita nyimbo mia tatu hivi, kutafuta ngoma ya kusikiliza kunageuka kazi. Hapo ndipo watu wanapoanza kuzipa nyimbo nyota, na hapo hapo wengi wanakwama, kwa sababu wanagawa nyota kabla hawajajiuliza nyota hizo zitafanya kazi gani.

Msidhani ni mambo ya mapambo. Mp3 ya kawaida ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu MB 1 kwa kila dakika ya muziki. Kwa hiyo flashi ya GB 4 inabeba nyimbo kama 1,000 za dakika nne nne, na CD ya MB 700 inabeba kama 170. Taarabu moja ya dakika kumi na mbili inakula nafasi ya bongo fleva tatu. Ukipenda mafaili mazito ya kilobiti 320 ndiyo balaa kabisa, kila dakika inataka zaidi ya MB 2. Nafasi ikiisha lazima kitu kifutwe. Na kwetu huku kuna nyimbo ukishazifuta umezifuta moja kwa moja, hakuna duka wala tovuti utakayozikuta tena. Kipimo ulichochagua ndicho kitakachoamua nani abaki na nani aondoke, kwa hiyo tukichague kwa akili.

Tujifunze kwa wauza matairi

Mfano mzuri kuliko yote hautoki kwenye muziki, unatoka kwenye msosi. Kampuni ya matairi ya Michelin ya Ufaransa ilianza kutoa nyota kwa migahawa mwaka 1926, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikafikisha nyota tatu. Tatu basi, si tano wala kumi. Lakini kila nyota ina tafsiri ambayo dereva yeyote anaielewa. Nyota moja, mgahawa ni mzuri, ukiwa unapita simama ule. Mbili, inafaa kuacha njia yako na kukata kona kuufuata. Tatu, inafaa kufunga safari kwa ajili yake peke yake. Jamaa walikuwa wanauza matairi, walitaka watu waendeshe magari, kwa hiyo nyota zao zikawa zinaongea habari za safari.

Umeona ujanja wake? Nyota haisemi tu "hii nzuri, hii nzuri zaidi." Inakuambia ufanye nini. Mtu ukimwuliza wimbo wenye nyota nne una tofauti gani na wenye tatu, akajibu "wa nne ni mkali kidogo zaidi," huyo hana kipimo, ana kubahatisha. Akijibu "wa nne unaingia kwenye simu, wa tatu unabaki kwenye kompyuta," huyo ana kipimo.

Vipimo virefu

Kuna washkaji wanataka kutoa maksi kwa 100, kama mtihani wa shule. Mwalimu wa hesabu anaweza kutetea kwa nini wewe umepata 73 na mwenzako 74, swali la sita hukulimaliza. Wimbo hauna swali la sita. Tovuti ya Pitchfork ya Marekani imejulikana kwa kupima albamu kuanzia 0.0 mpaka 10.0, yaani ngazi 101, na mwaka 2000 iliipa Kid A ya Radiohead 10.0 kamili. Lakini wale wanaandikia wasomaji, na wasomaji wanapenda ubishi: kwa nini hii imepewa 8.3 na ile 8.1? Ubishi huo ndio utamu wa tovuti ya namna hiyo. Wewe peke yako na hedifoni zako unabishana na nani?

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller aliandika makala maarufu kuhusu mipaka ya kichwa cha binadamu katika kupima vitu. Moja ya majaribio aliyoyaeleza lilikuwa la sauti: watu wanasikilizishwa milio ya juu na ya chini, kila mmoja una namba yake, wanatakiwa waitaje. Milio ikiwa miwili mitatu hawakosei. Ikifika kama sita hivi wanaanza kuchanganya. Kwa ukubwa wa sauti walichanganya mapema zaidi, kwenye tano. Kupenda wimbo si sawa na kutambua mlio, hilo nakubali, lakini kama sikio linachoka kwenye ngazi sita za mlio mtupu, sioni litagawanyaje mapenzi kwenye ngazi 101.

Kumi je? Ngazi kumi zina heshima yake. Tovuti ya Rate Your Music, iliyoanza mwaka 2000, inatumia nusu nyota mpaka nyota tano, ambazo ukizihesabu ni ngazi kumi, na watu wamepima maelfu ya albamu kwa staili hiyo. Lakini wao wanapima pia albamu wasizozipenda. Wewe unapima mkusanyiko wako. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalioni: nyimbo zilizopo kwenye flashi yako zimeshachujwa tayari. Hukukopi wimbo unaouchukia. Hakuna aliyelipia dakika za kafe ili apakue ngoma mbovu. Kwa hiyo ukichukua kipimo cha kumi na akili ya shule, ambako chini ya tano ni kufeli, nyimbo zako zote zitajazana kwenye saba, nane na tisa. Moja mpaka tano zitakaa bure. Umenunua ngazi ya vipandio kumi, unatumia vitatu.

Dawa ni kuhamisha katikati. Katikati ya kipimo chako isiwe katikati ya muziki wote wa dunia, iwe katikati ya folda yako. Wimbo wenye tatu kwa tano nyumbani kwako unaweza kuwa mzuri tu, ila haujawazidi ndugu zake.

Hapa niongeze angalizo dogo kuhusu herufi. Mhakiki Robert Christgau wa New York alianza mwaka 1969 kuzipa albamu herufi kama za shule, A+ kushuka mpaka E-, kwenye gazeti la Village Voice. Ni staili nzuri kuisoma. Kwa kompyuta ni usumbufu, programu nyingi hazina pa kuziweka. Na ukitumia namba, usije ukafanya moja ndiyo bora kwa sababu divisheni wani ndiyo bora. Programu zote zinachukulia kwamba nyota nyingi ni nzuri zaidi.

Vipimo vifupi

Upande wa pili kuna moyo na kidole gumba. YouTube ilikuwa na nyota tano hadi mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla, 2009, wenyewe walitangaza kwamba nyota zinazotolewa nyingi mno ni tano. Mtu akipenda anabonyeza tano, asiyependa anafunga ukurasa anaondoka. Wakabadilisha wakaweka kidole juu, kidole chini. Netflix nao waliacha nyota wakaweka vidole mwaka 2017.

Watu wanasema basi, wakubwa wameacha nyota, na sisi tuache. Taratibu. Wale wana mamilioni ya watu wanaobonyeza, na wanachotaka ni kubahatisha nini cha kukuonyesha baadaye. Wewe una nyimbo 1,000 na mtu mmoja. Moyo unakuambia "naupenda," haukuambii uufute upi leo jioni nafasi ikiisha. Kama mkusanyiko wako ni chini ya nyimbo 200 moyo unatosha kabisa, wala usijisumbue na mengine. Zaidi ya hapo utakuta mioyo 180 imepangwa foleni na hujui uanzie wapi.

Kipimo ninachopendekeza

Nyota tano, kila moja na kazi yake. Tano ni idadi ambayo programu karibu zote zenye nyota zinaielewa, na kichwa kinaimudu.

Nyota moja, wimbo uko kwenye foleni ya kufutwa. Mbili, unabaki kwenye kompyuta au kwenye CD ya akiba, usichukue nafasi ya simu. Tatu, ukipigwa huuruki, ila hujawahi kuutafuta kwa makusudi. Nne, unaingia kwenye simu, ndio unaotembea nao kwenye daladala. Tano ni zile ambazo ukiambiwa flashi inaungua una dakika moja, ungeokoa hizo. Na tano ziwe na mlango mwembamba: zote kwa pamoja zitoshe kwenye CD moja ya kusikiliza, ya dakika 80. Hiyo ni nyimbo kama ishirini. Ukitaka kuingiza ya ishirini na moja, shusha moja. Utashangaa jinsi sheria hiyo moja inavyoamsha ubongo.

Bila nyota kabisa maana yake "bado sijaupima." Usitumie sifuri kumaanisha mbaya. Hata watengenezaji wa kiwango cha ID3, ile sehemu ndani ya mp3 inayobeba jina la wimbo na msanii, walikubaliana hivyo: sifuri ni haijulikani, mbaya kabisa ni moja.

Wimbo mpya usiupe tano kabla ya mwezi. Ngoma inayopigwa redioni kila saa, kwenye daladala na saluni, inaweza kukudanganya kwamba unaipenda kumbe umeizoea tu. Mpe nne ya kusubiri. Na kinyume chake, wimbo wenye nne ukiuruka mara tatu mfululizo, ushushe bila huruma, mwili wako umeshatoa maksi.

Kuna wanaosema nyota za nini, tuhesabu tu wimbo umepigwa mara ngapi. Hesabu hiyo ina faida lakini inadanganya kirahisi. Wimbo uliouweka kama alamu ya asubuhi utaongoza, na mdogo wako akiazima simu mchana kutwa msanii wake ndiye atakuwa bingwa wako. Tena muziki wa kusikiliza mara mbili kwa mwaka, kama ule unaomkumbuka nao mtu, hauwezi kushinda kwa hesabu.

Vitu viwili usivichanganye

Hapa ndipo pagumu, na ndipo watu wanapopoteza nyimbo. Nyota inajibu swali moja: naupenda kiasi gani, naufanyia nini. Kuna maswali mengine yanajipenyeza humo humo.

La kwanza, ubora wa faili. Wimbo ni mkali, ila ulinaswa redioni na mtangazaji kaingilia mwishoni, au dijei kaweka jina lake kila baada ya sekunde thelathini. Ukiupa mbili kwa sababu ya kelele za dijei umeuonea mtunzi. Wape nyota inayostahili wimbo, halafu kwenye sehemu ya maelezo ya faili andika neno "badili." Siku ukiwa na muda unatafuta neno hilo, unapata orodha ya nyimbo zinazohitaji nakala safi.

La pili, na kwangu hili ndilo kubwa, ni upatikanaji. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye sahani za zamani zilizobeba kama dakika tatu kila upande. Nyimbo nyingi za dansi za Tanzania za miaka ya 1970 zilirekodiwa studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu, na watu wakazinasa kutoka redioni kwenye kaseti zao. Mbaraka Mwinshehe alifariki mwaka 1979, hawezi kurudi studio. Baadhi ya alivyoimba utavikuta mtandaoni leo, vingine havimo, na kilichomo si lazima kiwe toleo lile lililopo kwenye kaseti ya mzee wako. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa anapitisha nyota, anafika kwenye wimbo wa zilipendwa uliotolewa kwenye kaseti ya babu, haumgusi, anaupa moja. Foleni ya kufutwa. Jumapili nafasi inaisha, anafuta nyota moja zote kwa pamoja. Huenda amefuta nakala pekee iliyokuwa imebaki katika ukoo wote, na kaseti yenyewe ilishaliwa na mashine.

Kwa hiyo weka alama ya pili kabisa nje ya nyota. Neno moja tu, "adimu," kwenye sehemu ile ile ya maelezo. Sheria yake ni fupi: chenye "adimu" hakifutwi, hata kikiwa na nyota moja. Kinahamishwa kwenye CD au flashi nyingine, na kama kuna mjomba anayeupenda muziki huo, mpelekee. Huna haja ya kuupenda wimbo ili uutunze.

Swali la tatu ni dogo lakini wapenzi wa muziki wa Kongo wanalijua. Wimbo unaanza taratibu dakika tatu, wewe unasinzia, halafu sebene linaingia nyumba inainuka. Unaupa ngapi? Wengine wanakata wastani wanatoa tatu, na hapo sebene linazikwa. Mimi nasema upe maksi ya sehemu inayokufanya uuchague. Kama unaupiga kwa ajili ya sebene, ni nne au tano, na ule mwanzo ni nauli ya kufika huko. Taarabu hivyo hivyo, usiipime ukiwa na haraka.

Nyota zinakaa wapi

Watu wengi wanafanya kazi ya miezi halafu nyota zote zinapotea kwa siku moja, kwa sababu hawakujua zimehifadhiwa wapi. Kuna njia mbili. Njia ya kwanza, programu inaandika nyota kwenye daftari lake yenyewe. iTunes, iliyoingiza nyota mwaka 2002, inafanya hivyo: ukikopi mp3 kwenda kompyuta nyingine, wimbo unakwenda, nyota zinabaki nyuma. Kwa anayetumia kompyuta ya kafe hii haifai kabisa. Kompyuta nyingi za kafe zimewekewa programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa mashine ikizimwa, na daftari linafutika nalo.

Njia ya pili, nyota zinaandikwa ndani ya mp3 yenyewe, kwenye ID3. Kuna kisanduku maalumu kwa ajili hiyo kinachoitwa POPM, kinapokea namba 1 mpaka 255. Kwenye Windows, kuanzia Vista ya mwaka 2007, huhitaji hata kufunga programu yoyote. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, nenda Details, utaona mstari wa Rating wenye nyota tano. Bonyeza unazotaka, hifadhi. Windows inaziandika ndani ya faili kama 1, 64, 128, 196 na 255. Ukichagua nyimbo ishirini kwa pamoja unaweza kuzipa zote nyota kwa mpigo mmoja. Programu za bure kama MusicBee, MediaMonkey na foobar2000 nazo zinaweza kuandika ndani ya faili, ila angalia kwanza kwenye mipangilio kama imeruhusiwa.

Kabla hujaanza kazi kubwa fanya jaribio la dakika tano. Upe wimbo mmoja nyota nne, ukopi kwenye flashi, ufungue kwenye kompyuta nyingine. Ukiona nne, endelea. Ukiona tatu na nusu, programu mbili hazisomi namba kwa namna moja, chagua moja uibaki nayo. Usipoona kitu, acha hapo hapo.

Redio za magari na spika za bei nafuu hazijui nyota, zinajua mafolda na majina. Kwa hizo tumia njia ya kienyeji: weka namba mwanzoni mwa jina la faili, "5 - " kisha jina la wimbo, au tengeneza mafolda matano. Haina urembo lakini inafanya kazi kila mahali, na hakuna anayeweza kuifuta kwa bahati mbaya.

Mwisho, usikae chini upime nyimbo zote kwa mara moja. Nyimbo 1,000 za dakika nne ni saa 66 na zaidi. Pima unaposikiliza. Anza na ishirini za kujaribia, andika maksi kwenye karatasi, ifiche, baada ya wiki pima tena hizo hizo bila kuchungulia. Zikibadilika zaidi ya tano, ngazi zako ni nyingi mno kwako. Punguza ziwe tatu, futa, tunza na simu, uendelee.

Wenye kutumia programu nyingine za simu, tuambieni hapo chini inasoma nyota zilizowekwa na Windows zikiwa kamili au inazikata. Taja jina la programu na aina ya simu.